Mlamba, Mikate na Mti wa Uani

Jumatatu, 9 Machi

Siku mbaya. Shomoro wamekula keki ya mteja. Si kuidonoa, kuila! Mteja aliiweka mbele yake, akainama kutafuta miwani kwenye mkoba, na alipoivaa miwani hakukuwa na keki. Akanitazama mimi. Kana kwamba mhudumu mwenye heshima zake anaweza kula keki ya mtu mezani. (Ile ya mwezi jana ilikuwa imeanguka.)

Halafu njiwa akajisaidia ndani ya chai ya Mzee wa Gazeti. Huyu ni mteja wetu wa kila siku, hukaa meza ile ile chini ya mti na kusoma gazeti mpaka matangazo ya nyumba zinazopangishwa. Mtu mstaarabu. Alinisogezea kikombe, akaomba abadilishiwe, akasema ni mara ya pili wiki hii na wiki ndiyo kwanza imeanza.

Bosi alisikia. Bosi ndiye mama mwenye mgahawa, mfupi, mwembamba, na sauti yake inasikika mpaka barabarani. Akatukusanya uani. Akatangaza kwamba Jumamosi anakuja mkata miti. Mti ukiondoka na ndege wataondoka, na pale juu litafungwa turubai.

Moyo ukanipasuka paa! Mti wenyewe sina habari nao. Habari yangu ni benchi lililo chini ya mti. Kila asubuhi Binti wa Mikate akishashusha kreti zake hukaa pale kupumzika, kabla ya kuendelea na mzunguko wake. Nami hupita na kitambaa kufuta benchi ambalo nimeshalifuta. Tunaongea. Wiki iliyopita aliniambia kicheko changu kinachekesha kuliko hadithi zangu. Nimeliwaza neno hilo siku nzima na nimeamua ni sifa. Sasa basi: pasipo mti hakuna kivuli, pasipo kivuli hakuna mtu wa kukaa, na yeye ataacha kreti mlangoni aende zake. Furaha yangu yote imening'inia kwenye tawi.

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia Bosi anipe mpaka Jumamosi, nitawaondoa ndege na mti ubaki. Akasema sawa, ila nisivunje kitu.

Tai akacheka. Tai ni mhudumu mwenzangu, jina limetokana na ile tai anayoivaa shingoni hata jua liwake vipi. Nikasema ajabu ya mgahawa huu ni kwamba tunaye tai na hakuna ndege hata mmoja anayemwogopa. Mpishi alicheka mpaka akashika mlango. Tai hakucheka. Moja bila.

Jumanne, 10 Machi

Nimegundua!

Asubuhi nafuta benchi. Ndege wamejaa mezani kama wao ndio waliojenga. Juu ya waya wa umeme amekaa mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda na macho mekundu, anayejiona mgambo wa mtaa. Ghafla akatoa mlio mmoja. Shomoro wote, tifu! Njiwa, tifu! Nyuma ya ukuta nikasikia hata kuku wa jirani wakikimbilia chini ya gari. Nikatazama juu. Kipanga anapita.

Nilisimama pale na kitambaa changu, nimepigwa na butwaa. Shomoro hana undugu na mlamba. Kuku hana undugu na wote wawili. Hawali pamoja, hawalali pamoja, kila mmoja ana lugha yake. Lakini mmoja akitangaza hatari, wengine wote wanaelewa na wanatoka mbio. Hakuna anayeuliza habari imetoka kwa nani.

Kwa hiyo sihitaji kufukuza ndege mmoja mmoja. Nahitaji kusema neno moja tu, kwa lafudhi ya mlamba!

Shida: mlio ulikuwa mfupi, sikuushika. Lakini mchana bahati ikanijia. Paka wa jikoni alitoka kujinyoosha uani, na mlamba akaanza tena, safari hii kwa kirefu. Chak-chak-chak! Chak-chak-chak! Nikafumba macho ili masikio yafanye kazi vizuri. Nimeushika wote.

Jioni nimefanya mazoezi bafuni. Naishi kwa dada yangu na mume wake, na bafu ndicho chumba pekee chenye komeo. Pengo la jino langu la mbele, kumbukumbu ya chupa ya soda niliyoifungua kwa meno mbele ya watu, limenisaidia sana. Bila pengo mlio hautoki sawasawa. Shemeji alikuja kugonga, akauliza kama bomba limepasuka. Dada hakuuliza. Alipitisha kikombe cha tangawizi mlangoni na kuniambia ninywe kikiwa moto, kifua si cha kuchezea.

Jumatano, 11 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nilichagua saa ya Binti wa Mikate, ili aone. Kosa la kwanza. Nilipanda juu ya kiti, ili asikie. Kosa la pili. Bosi alisimama mlangoni na mikono kiunoni. Mzee wa Gazeti alikunja gazeti, jambo ambalo halijapata kutokea. Nikavuta pumzi, nikaelekeza pengo juu ya mti. Chak-chak-chak!

Hakuna aliyeruka kwenda. Wote waliruka kuja! Wakaja shomoro wa kwetu, wakaja shomoro wa duka la vitambaa, njiwa wa msikitini na njiwa wa kanisani bega kwa bega, kunguru wa jalalani, na vindege vingine vya manjano ambavyo sijawahi kuviona maishani. Wakajipanga kwenye matawi na migongo ya viti, wakanitazama mimi na kunifokea. Kila mmoja kwa lugha yake, lakini matusi unayajua hata kama huyaelewi. Kunguru mmoja alimshukia Tai akamnyakua tai! Wakavutana. Hilo peke yake nitalikumbuka kwa raha.

Bosi aliniuliza kwa upole wa kutisha kama aliniambia niwafukuze au niwaandalie sherehe.

Binti wa Mikate alicheka mpaka akashika mbavu. Alipopata pumzi akaniuliza ule mlio nilijifunza wapi. Nikamwambia: mlamba, paka, mchana. Akafikiri kidogo.

"Kaka, wewe umepiga kelele za mwizi," akasema. "Mtu akipiga kelele za mwizi, si watu wote wanakuja? Ulitakiwa upige kelele za nyoka."

Jamani! Ndivyo ilivyo. Paka yuko chini, anaonekana, akizungukwa na kufokewa anaona aibu na kuondoka. Kwa hiyo ndege huitana. Kipanga anatoka juu, huyo hana aibu, dawa yake ni kukimbia. Milio miwili, maana mbili. Na mimi jana nilifumba macho! Laiti ningefumbua hata moja.

Akili ya binti huyu. Nimefuta benchi mara mbili baada ya yeye kuondoka.

Alhamisi, 12 Machi

Ushindi! Halafu si ushindi. Lakini kwanza ushindi.

Kipanga alipita mapema, Mungu ambariki. Safari hii nilikuwa macho wazi. Mlio wa mlamba ni mwembamba, mmoja, unakatika ghafla: tsiii! Niliurudia stoo nyuma ya magunia ya unga mpaka ukakaa mdomoni. Kisha nikatoka uani kama mtu asiye na neno, nikasimama, nikaachia.

Meza zote tupu! Hata kunguru! Kuku wa jirani chini ya gari! Mzee wa Gazeti alikunywa chai mpaka chini ya kikombe, akasema alikuwa amesahau kuna majani ya chai mle. Bosi alitikisa kichwa kwenda chini badala ya pembeni. Nilitembea uani kifua mbele.

Nilipiga tena baada ya muda. Wakaruka. Nikapiga tena kwa ajili ya mpishi ambaye hakuwa ameona. Wakaruka, ila kwa shingo upande. Nikapiga kwa ajili ya wateja waliouliza ni nini kile. Kufika mchana shomoro walikuwa wananitazama tu huku wakitafuna.

Hapo ndipo nilipomwona mlamba vizuri. Alilia tsiii, wote wakatawanyika, nami nikatazama juu. Mbingu nyeupe. Hakuna kipanga! Mlamba akashuka taratibu, akachukua kipande cha nyama mezani, akarudi kwenye waya akala. Tapeli! Akafanya hivyo tena, shomoro wakastuka. Mara ya tatu hawakumjali. Basi nilifikiri amefikia nilipofikia mimi, nikamwonea huruma. Wapi! Alifungua mdomo, akatoa sauti ya shomoro mwenyewe aliyeona hatari. Sauti ya shomoro, kutoka kwa mlamba! Wote wakatoweka. Akashuka kuchukua mkate.

Nilikaa chini. Sijawahi kumheshimu kiumbe kiasi kile. Tatizo langu, kumbe, si uongo. Tatizo langu ni uongo wa aina moja.

Nikiwa bado naangalia juu, Tai aliketi kwenye benchi. Benchi langu. Pembeni ya Binti wa Mikate, ambaye alichelewa leo na kupita mchana. Amempelekea maji baridi. Kwenye glasi. Na kipande cha limau ukingoni! Miezi yote hii mimi nimefuta mbao, kumbe kulikuwa na limau jikoni.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekalia kuti kavu, na ni mimi niliyelikausha.

Naandika kama ilivyokuwa. Asubuhi Binti wa Mikate alikaa, na Tai akawahi tena na glasi yake. Akajisogeza. Akasimulia kitu, binti akatabasamu. Mimi nimesimama na trei ya vikombe, nameza mate. Juu ya waya mlamba ananitazama kwa jicho lake jekundu kana kwamba anauliza nasubiri nini.

Nikakumbuka maneno ya binti mwenyewe. Kelele za mwizi huleta watu. Kelele za nyoka huwaondoa. Tai ni mwoga, anaogopa hata mipira ya kumwagilia maua. Yeye atakimbia, mimi nitabaki, nitamshika binti mkono nimwambie asiogope, nipo. Mpango mzuri. Hata sasa naona ulikuwa mzuri.

Nikapaza sauti: "Nyoka!"

Tai aliruka juu ya meza. Hilo lilikuwa kwenye mpango. Binti wa Mikate naye akatoka mbio mpaka barabarani, ameacha kandambili moja na kreti ya mikate imepinduka. Hilo halikuwemo. Mzee wa Gazeti alihamia ndani na kikombe chake. Mpishi akafunga mlango wa jikoni kwa ndani. Nikabaki uani peke yangu na trei, shujaa asiye na mtu wa kumwokoa.

Bosi akatoka na fagio, akauliza yuko wapi. Ningesema ameshakwenda zake. Ningesema ulikuwa mpira. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe ukaonyesha juu ya mti.

Akautazama mti kwa muda mrefu. Kisha akachukua simu. Akamwambia mkata miti asije mchana kama walivyopatana, aje asubuhi na mapema, kwa sababu juu kuna nyoka na yeye hawezi kulala na jambo hilo kichwani. Mimi niliyetaka kuuokoa mti nimeusemea kifo kwa mdomo wangu.

Binti wa Mikate hakurudi. Alimtuma mwuza magazeti aje kuchukua kreti. Nimeiosha kandambili kwa sabuni na kuianika dirishani. Dada ameiona, ameniuliza nitafanya nini. Nikasema sijui. Akasema mara moja moja nijaribu ukweli, hauna madhara.

Jumamosi, 14 Machi

Mkata miti alifika na ngazi, kamba na msumeno wa mashine. Mtu mnene, mchangamfu, anaimba.

Nikajipiga moyo konde, nikamfuata Bosi. Nikamwambia hakukuwa na nyoka, nilisema uongo. Akanijibu kwamba bila shaka nitasema hivyo, kwa sababu nautaka mti. Nikamwita Tai atoe ushahidi, maana yeye alikuwa karibu na hakuona chochote. Tai akarekebisha tai yake. Akasema alimwona nyoka kwa macho yake mawili: mweusi, mnene kama mkono, ametoa ulimi. Ungefikiri amempima! Afadhali nyoka awepo kuliko watu wakumbuke amepanda juu ya meza bure. Basi ukweli wangu ukakosa mnunuzi.

Binti wa Mikate alikuja na kreti zake. Aliziweka mlangoni, kama nilivyoogopa, akageuka kuondoka. Nikamkimbilia na kandambili mkononi.

"Dada, hakukuwa na nyoka," nikamwambia. "Nilitaka Tai ahame, nikae mimi."

Alivaa kandambili, akaitazama, nadhani aliona imeoshwa. Nyuma yetu ngazi iligonga shina. Nilisubiri anifokee. Nilistahili, na nilikuwa tayari kusikiliza yote ili mradi asimame pale.

"Na mti je?" akauliza.

Mti! Mkata miti ameshafika kwenye panda, anafunga kamba. Nikatazama juu. Mlamba kwenye waya. Shomoro pembeni, wametulia, hawajui. Na ghafla nikajua neno gani la kusema, kwa sababu ndilo neno nililolikosea Jumatano. Nikapanda juu ya kiti kile kile. Nikaelekeza pengo.

Chak-chak-chak!

Nilidhani hawataniamini tena. Lakini mlamba akageuka, akamwona mtu mnene na msumeno katikati ya mti wao, naye akalidaka. Chak-chak-chak! Basi wakaja. Shomoro, njiwa wa pande zote, kunguru, vile vya manjano, na bundi mmoja wa mchana ambaye nadhani alifuata mkumbo tu. Wakamzunguka mkata miti wakamfokea, wakampiga kofia kwa mabawa, kunguru akavuta kamba. Akaacha kuimba. Akashuka ngazi haraka kuliko alivyopanda, akamwambia Bosi kwamba aliambiwa habari za nyoka mmoja, hakuambiwa habari za mtaa mzima.

Watu wakajaa ukutani kuangalia. Wakaingia ili waone vizuri. Wakakaa. Wakaagiza chai! Bosi alisimama na fagio lake, anatazama mti, anatazama meza, hajui akasirike na nani.

Binti wa Mikate akamwendea, akamwamkia, akamwambia pole pole:

"Mama, kwa nini msihamishe meza tu? Kivuli cha mti kinafika mpaka ukutani, na pale juu hakuna tawi."

Sote tukatazama ukutani. Kivuli kimelala pale, kipana, kizuri. Hakina ndege juu. Kimekuwepo miaka yote! Bosi aliegemeza fagio, akaniamuru mimi na Tai tubebe meza. Kreti tupu tukaigeuza chini ya mti na kumwaga makombo pale, ndege wakahamia huko bila kuambiwa. Mzee wa Gazeti alikaa ukutani, akafunika kikombe kwa mazoea, halafu akakifunua.

Benchi limebaki mahali pake. Binti alikaa. Akanionyesha nafasi pembeni yake, nami nikakaa, bila kitambaa! Akaniambia nikitaka kukaa naye niseme tu, mdomo ninao. Akaniapisha kwamba sitamlilia nyoka tena maisha yangu yote. Nikaapa. Akacheka. Akasema Jumatatu atapanga mzunguko wake upya ili kwetu pawe mwisho, asiwe na haraka.

Asiwe na haraka! Nimeandika maneno hayo mara mbili ili niyaone.

Jumapili, 15 Machi

Siku ya mapumziko. Sijapumzika, nina furaha mno. Nimemsimulia dada yote, amefurahi mpaka ameacha kuchambua mchele. Amesema somo liko wazi: kesho niketi, nimwambie binti lililo moyoni, basi. Hata Shemeji alikubali kutoka kwenye kochi. Nimewaambia nimejifunza. Mtu anayepiga kelele za uongo anaharibu hata kelele za kweli. Nilivyolisema lilipendeza.

Nimefanya mazoezi bafuni mbele ya kioo. "Dada, mimi..." Hapo neno linapita kwenye pengo, linatoka mluzi. Nimejaribu mara nyingi. Shemeji amegonga kuuliza kama bomba limepasuka tena.

Jioni mpishi amenipigia simu. Anasema Tai amenunua tai mpya, nyekundu, na amemwomba Bosi kesho apumzike saa ile ile ya mikate. Ameulizia pia limau.

Nimekaa dirishani kufikiri kwa utulivu. Mlamba yuko kwenye waya wa kwetu, sijui kama ni yule au ndugu yake. Ameangalia chini, ameangalia kando, amebadilisha sauti.

Mimi ni mtu wa ahadi. Niliapa sitasema nyoka, na sitasema. Nyuki hatukuwataja.